Jinsi Darasa la Nne B Lilivyokuwa Mali ya Taifa

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, kwa sababu wachora ramani walipokwenda kuipima waliambiwa warudi Jumatatu, na Jumatatu ikatangazwa kuwa sikukuu. Lakini ipo. Ina watu, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko visima vyake, na ina Wizara ya Elimu na Mapokezi. Zamani hizo zilikuwa wizara mbili. Ziliunganishwa ilipogundulika kwamba zinafanya kazi moja.

Katika nchi hiyo, kwenye Shule ya Msingi Bonde la Mawe, mwaka wa masomo ulianza vizuri tu. Mwalimu Asumini alipewa Darasa la Nne B: watoto wengi, madawati machache, ubao wenye ufa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuwa na kasoro moja inayojulikana kote wilayani. Alipenda kufundisha. Wakubwa zake walikuwa wamemvumilia kwa miaka mingi, wakitumaini ataacha mwenyewe.

Wiki ya kwanza aliwaletea watoto kopo lenye pamba iliyolowa na maharage ndani yake. Siku ya tatu maharage yakapasuka, yakatoa vijimkia vyeupe, na darasa zima likamzunguka mwalimu likisukumana.

Mvua ilikuwa inanyesha kwelikweli. Ndiyo sababu gari la Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mapokezi, aliyekuwa akienda kuzindua daraja mahali ambapo mto ulikuwa bado unatafutwa, likanasa kwenye tope mbele ya shule. Mheshimiwa akaingia darasani kujikinga. Akapewa kiti cha mwalimu, akakaa nyuma, akapangusa miwani.

"Endelea, mwalimu," alisema. "Jifanye sipo."

Mwalimu Asumini akajifanya hayupo. Akauliza, "Ili mbegu iote, inahitaji vitu gani vitatu?"

Mtoto mmoja, Shaweji, mwenye pengo la meno ya mbele, akasimama. "Maji, mwalimu. Na hewa. Na ruhusa."

Darasa likaangua kicheko.

"Ruhusa, Shaweji?"

"Baba anasema nchi hii hakuna kinachoota bila ruhusa."

Tusimlaumu baba yake. Mzee Makwinya alikuwa mkulima mtaratibu, ila wiki hiyo alikuwa ametoka mjini kuomba kibali cha kuchimba mfereji kwenye shamba lake mwenyewe, na alikuwa amerudi bila kibali na bila kiatu kimoja.

Msichana wa dawati la mbele, Siwema, alinyoosha mkono, akashindwa kujizuia. "Si kweli, mwalimu! Ni joto! Ni maji, hewa na joto!"

"Vizuri sana, Siwema. Ni jo..."

"Nyamazeni!" Mheshimiwa alikuwa amesimama. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alitembea mpaka mbele, akamwinua Shaweji juu kama kombe la mpira. "Wananchi wadogo! Mimi nimesoma ndani, nimesoma nje, nimesoma hata nikiwa ndani ya ndege. Hakuna profesa aliyewahi kunieleza jambo hili. Maji tunayo. Hewa tunayo. Basi kwa nini nchi haisongi mbele? Kwa sababu watu wanaota tu, wanaota ovyoovyo, bila ruhusa!"

Wapambe waliokuwa mlangoni, mmoja wao na kinasa sauti cha redio, wakapiga makofi. Mwalimu Asumini akafungua mdomo ili amalizie neno lake, kisha akamtazama Mwalimu Mkuu, Bwana Lugendo, aliyekuwa anamkodolea macho ya kuomba uhai. Akaufunga.

Jioni ile redio ilitangaza kwamba somo la Nne B limekuwa Somo la Taifa. Sauti ya Shaweji ilisikika vizuri. Ya Siwema ilikuwa imepata hitilafu ya mitambo.

*

Baada ya wiki akafika Bwana Ngonyoka, Mratibu wa Taifa wa Somo. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya rangi ya majivu, na sijawahi kusikia akimkaripia mtu. Alieleza utaratibu. Wananchi wote, kwa makundi, wangeletwa kuona Somo. Kwa hiyo Somo lisibadilike. Maneno yawe yaleyale, kicheko kilekile, maharage yawe siku ya tatu kila siku.

"Na mvua?" aliuliza Mwalimu Mkuu, kwa mzaha wa kujipendekeza.

"Mvua imeshughulikiwa," alisema Bwana Ngonyoka.

Kesho yake likaja gari la zimamoto kutoka mjini. Likaegeshwa nyuma ya darasa, na kila wageni walipokaribia likawa linamwagia paa maji kwa kishindo, mpaka Somo liishe. Kijiji hakikuwa na bomba. Kina mama walizoea kusubiri mtaroni na ndoo zao, wakiombea wageni wawe wengi.

Maharage yalishughulikiwa na mpishi wa shule. Aliyalaza kwenye kitambaa kibichi kando ya jiko, kwa kuwa mahali pengine yaligoma kuota kwa wakati. Hilo halikuandikwa popote.

Watoto nao walipangwa. Meno ya Shaweji yalipoanza kuota, Bwana Ngonyoka aliyatazama kwa masikitiko, na kuanzia hapo yakawa yanapakwa mkaa kila asubuhi ili pengo libaki. Kwa Siwema alichuchumaa kabisa, uso kwa uso.

"Wewe binti unaitwa nani?"

"Siwema. Shikamoo."

"Marahaba. Siwema, siku ile ulinyoosha mkono. Endelea kunyoosha. Ni mkono mzuri. Kisha anayekaa mahali pa Mheshimiwa akisimama, unaushusha. Kwa furaha."

"Nisiseme joto?"

"Hakuna aliyekusikia ukisema joto, mwanangu."

Siwema akageuka kumtazama mwalimu wake. Mwalimu Asumini alikuwa anafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

*

Muhula wa kwanza wazazi walifurahi, na nani asingefurahi? Nne B walipewa masweta yenye mstari wa manjano na uji wa maziwa. Nne A, darasa la Mwalimu Mfaume upande wa pili wa uwanja, waliendelea kukaa sakafuni na kunywa uji wa chumvi. Walisoma kugawanya, wakasoma mito na milima, wakasoma mwili wa binadamu, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejali wanasoma nini.

Wageni walikuja. Walikuja machifu, wakaja wahasibu, wakaja askari wa barabarani. Wakaja wakuu wa magereza, wakatazama mpaka mwisho, na mkubwa wao akampa Mwalimu Asumini mkono. "Hongera," alisema. "Sisi tuna kuta na minyororo, na bado hatujafika hapa."

Mwezi wa tatu Mwalimu Asumini akaenda kumwona Mratibu katika ofisi yake, ambayo zamani ilikuwa maktaba.

"Bwana Mratibu, watoto wanahitaji masomo mengine. Angalau hesabu. Sasa tulitakiwa tuwe tumefika kwenye kugawanya."

"Kugawanya?" Bwana Ngonyoka aliweka kikombe chini. "Mwalimu, nchi yetu ni moja. Unataka kugawanya nini?"

"Namba."

"Wanaanza na namba." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Wakishajua kugawanya watauliza kwa nini vipande havilingani. Nakuonea wivu, mwalimu. Una somo moja, na ni sahihi. Wenzako wanahangaika na masomo saba."

Alirudi darasani. Wageni walikuwa njiani na gari la zimamoto lilikuwa limeanza kunguruma. Maji yakaanguka juu ya bati. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba askari aliyesimama mlangoni aliziba masikio na kusogea mbali.

Mwalimu Asumini akasimama akisikiliza. Halafu akaenda katikati ya madawati, akainama, akapiga kelele kwa sauti yake ya kukwaruza, "Maharage kumi na mawili! Watoto wanne! Kila mmoja apate mangapi?"

Watoto walimtazama kama mtu aliyevua nguo. Siwema ndiye aliyesogea kwanza na kuanza kuhesabu.

Tangu siku hiyo Nne B wakawa wanasoma chini ya mvua ya serikali. Kabla wageni hawajaingia palikuwa na muda, si mrefu, na muda huo ulijazwa kila kitu: kugawanya, majira ya mwaka, damu inavyozunguka mwilini. Kishindo kikipunguzwa ili wageni wasikie Somo, mwalimu alinyooka, watoto wakarudi kwenye nafasi zao, mlango ukafunguliwa, na mbegu ikahitaji maji, hewa na ruhusa. Wakati wa mapumziko watoto wa Nne A waliwaonyesha yaliyobaki kwa kuchora mchangani, kisha wakayafuta kwa miguu.

Watoto waliipenda mvua ile. Siku zisizo na wageni walikaa wamekunja mikono chini ya bati kavu, na hawakujifunza chochote.

*

Sasa Somo lilikuwa limevuka uzio wa shule. Wizara ya Kilimo haikutaka kuachwa nyuma. Ikaamuru kwamba hakuna mkulima kupanda maharage mpaka apate ruhusa ya mbegu, kwa kuwa sayansi ilikuwa imethibitisha. Wakulima wakapanga foleni wilayani. Afisa wa ruhusa alikuwa na moyo wa kazi, ila muhuri wake ulikuwa unachongwa bado. Mvua za kweli zikanyesha, zikamaliza kunyesha, zikaenda zake. Muhuri ulipofika ulikuwa mzuri sana.

Mzee Makwinya hakuvuna. Jioni moja Shaweji alimkuta amekaa kwenye ukingo wa shamba lake jekundu, tupu, akichokonoa udongo na kijiti.

"Baba," alisema Shaweji, na mkaa bado uko kwenye meno yake. "Nitawaambia nilikosea."

"Utamwambia nani?"

"Waziri. Nitamwambia ni wewe uliyesema, ukiwa na hasira."

Mzee Makwinya alitupa kijiti. "Usije ukanitaja! Unanisikia? Usinitaje kabisa." Kisha sauti ikamshuka. "Mimi nilisema ili mama yako acheke, mwanangu. Nilikuwa nimechoka na mguu unaniuma, nikasema kitu cha kuchekesha. Sasa nikisikia redio asubuhi nasikia kinywa changu kinanicheka."

Shaweji akajaribu kufuta mkaa kwa mkono wa sweta, lakini mkaa ule ulikuwa wa serikali na haukutoka kirahisi.

*

Mwezi wa kumi, Mama Siwema, aliyekuwa akishona nguo kwa cherehani kibarazani kwake, alisikia kwa wenzake kwamba hivi karibuni watoto wa darasa la nne watafanya mtihani wa kuingia la tano, na kwamba Nne B hawamo. Akaacha nguo ya watu imening'inia kwenye sindano, akaenda shuleni.

Bwana Ngonyoka alimpokea kwa chai.

"Ni kweli, mama. Wakifanya mtihani watafaulu au watafeli. Wakifeli, taifa litaaibika. Wakifaulu wataingia la tano, na taifa litabaki bila Nne B. Sasa wewe ungefanyaje?"

"Mimi namtaka mwanangu ahamie Nne A."

"Darasa hili ni mali ya taifa. Umewahi kuona mtu anaondoa tofali moja kwenye nyumba kwa kuwa ni la kwake?"

"Siwema si tofali."

"Ndiyo maana anakunywa maziwa," alisema Bwana Ngonyoka, kwa upole uleule.

"Kwa hiyo atakaa humo mpaka lini?"

Bwana Ngonyoka alifikiri kwa makini. Alikuwa mtu mkweli kwa namna yake. "Mama, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Hata mimi sijaambiwa nitakaa hapa mpaka lini. Nina mke nyumbani. Maji ya bati yale nayasikia hata nikilala."

Mama Siwema hakunywa chai. Alipita darasani, akamkuta Mwalimu Asumini peke yake, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Mwalimu, nimekuja kwako kwa sababu nimeshindwa kule. Mtoto wangu yumo humo, na ufunguo unao wewe."

"Ufunguo sina, mama Siwema. Na mimi nimo."

"Basi tafuta dirisha."

*

Dirisha lilipatikana kwa shida. Mwalimu Asumini alikwenda kwa Mwalimu Mfaume wa Nne A, mzee mnene aliyekuwa akingojea kustaafu, akamweleza. Mpango wenyewe ulikuwa mfupi. Siku ya mtihani, Nne B wavue masweta ya manjano na kwenda kukaa sakafuni pamoja na Nne A. Masweta wavalishwe watoto wa darasa la tatu. Somo walikuwa wanalijua. Nchi nzima ilikuwa inalijua, redio ililirudia kila alfajiri kabla ya habari.

"Ngonyoka atawatambua," alisema Mwalimu Mfaume.

"Siku zote anatazama masweta na meno."

"Na hao wadogo?"

"Siku moja tu," alisema Mwalimu Asumini. "Wanakaa siku moja, jioni wanavua."

Mwalimu Mkuu Lugendo alipoambiwa, aliugua tumbo papo hapo na kuomba asiambiwe tena.

Kati ya watoto wa darasa la tatu alikuwemo Zulfa, mdogo wake Siwema. Siwema mwenyewe alimvalisha sweta, akamkunjia mikono iliyokuwa mirefu. "Unanyoosha mkono, halafu unaushusha kwa furaha," alimwelekeza. "Leo tu."

"Na uji wa maziwa nitapata?"

"Utapata."

Asubuhi hiyo, bila taarifa, akaja Mheshimiwa Waziri mwenyewe.

Mwalimu Asumini aliyaona magari, akarudi mbele ya ubao. Gari la zimamoto likaanza kunguruma. Ng'ambo ya uwanja, katika darasa la Nne A, msimamizi wa mtihani alikuwa anagawa karatasi, mama mmoja aliyechoka na safari. Alitazama watoto waliobanana mpaka mlangoni.

"Nne A imezaa?" aliuliza.

"Shule inakua, mama," alisema Mwalimu Mfaume, jasho linamtiririka. Msimamizi akachukua bahasha ya akiba akaendelea kugawa.

Darasani kwa taifa, Mheshimiwa alikaa nyuma, akapangusa miwani. Mtoto wa darasa la tatu, mwenye pengo lake mwenyewe la haki, akasimama. "Maji, mwalimu. Na hewa. Na ruhusa." Wenzake wakacheka. Zulfa akanyoosha mkono. Mheshimiwa akasimama, na Zulfa akaushusha kwa furaha ambayo haijawahi kuonekana katika Somo lile.

Mheshimiwa alilia. Akamwinua juu yule mtoto wa darasa la tatu. "Shaweji, kijana wangu!" alisema. "Mwaka mzima, na hujabadilika hata kidogo!"

Bwana Ngonyoka, aliyekuwa amesimama karibu na ubao, alimtazama mtoto yule. Akawatazama wengine, mmoja mmoja, masweta yamewaning'inia. Mwisho akamtazama Mwalimu Asumini, muda mrefu. Halafu akapiga makofi.

*

Jioni Mwalimu Asumini alikuwa akiwavua watoto masweta, Bwana Ngonyoka alipoingia.

"Waache wayavae," alisema. "Wizara itatuma madogo zaidi."

"Bwana Mratibu, hawa ni wa darasa la tatu."

"Najua. Nimewahesabu." Alikaa kwenye dawati, magoti yakamgusa kifua. "Nilipaswa niandike ripoti. Lakini niandike nini? Kwamba Mheshimiwa amemwinua mtoto asiye Shaweji, akalia? Nani atasoma ripoti hiyo nami nibaki na kazi? Wale wako waende la tano. Sikuwaona wakitoka."

Mwalimu Asumini akapumua. "Asante, bwana. Basi hawa nao kesho..."

"Hawa ni wazuri," alisema Bwana Ngonyoka. "Ni wadogo. Watadumu."

Nilivyosikia mimi, alisema hivyo bila ubaya wowote. Alinyanyuka, akamtakia jioni njema, akafunga mlango taratibu ili asiwashtue watoto.

Matokeo yalitoka Desemba. Wengi wa Nne B walifaulu, kwa namna ambayo iliwashangaza wenyewe. Shaweji alifeli, akapelekwa kurudia Nne A, akakaa sakafuni na meno meupe, na inasemekana hakuwahi kuonekana na furaha kama hiyo. Mzee Makwinya alipata ruhusa ya kupanda, ya msimu uliopita. Mwalimu Asumini aliomba uhamisho. Alijibiwa kwamba taifa linamshukuru.

Januari Siwema akaanza la tano. Alipewa daftari jipya na somo jipya kila siku, na wiki ya kwanza kichwa kilimuuma kwa raha. Lakini kila jioni alimkuta Zulfa nyumbani amekaa kibarazani, mikono imekunjwa, sweta dogo limemkaa sawasawa, hana cha kusimulia.

Siku moja akamwita. Alichukua kipande cha chaki, akachora kwenye sakafu ya baraza duru, akaikata vipande.

"Njoo. Hii inaitwa nusu. Hii inaitwa robo. Nitakufundisha yote, kila jioni, mpaka siku utakayotoka."

Zulfa aliitazama ile michoro, akamtazama dada yake kwa mshangao.

"Ya nini, dada?" alisema. "Sisi tumeshafaulu. Mheshimiwa mwenyewe alilia."

Cherehani ya mama ilinyamaza. Siwema akafuta duru kwa kiganja, akaichora upya, kubwa zaidi.

"Kaa hapa," alisema.

Zulfa akakaa. Kukaa alikuwa amefundishwa vizuri sana.